Kapteni Hakupinduka

Nilikwenda Nkowe kwa sababu ya neno moja. Binamu yangu Kapteni alinipigia simu akasema, "Kaka Saidi, njoo umsomee mama maisha ya wajina wangu, mwanzo mpaka mwisho. Wewe anakuamini." Mimi nauza mitumba Nachingwea. Kuaminiwa si jambo linalonipata kila wiki, nikakubali kabla hajabadili mawazo.

Kapteni si cheo chake, ni jina. Baba yake, marehemu mzee Chitanda, alikuwa na redio, na kwenye redio hiyo alimpenda askari mmoja wa Afrika Magharibi: kapteni kijana aliyeshika nchi, akawa rais, akapanda baiskeli na kujipunguzia mshahara mwenyewe. Jina lake la Kifaransa liliwashinda watu wa Nkowe, hivyo mtoto akapewa cheo.

Mtoto alikuwa bado anatambaa redio iliposema yule rais amepinduliwa. Siku hiyo mzee alikuwa shambani. Aliyesikia ni mkewe, shangazi yangu Somoe. Kiswahili cha shangazi ni cha sokoni, nyumbani kwao ni Kimwera, na vitu alivyojua kwamba hupinduliwa ni vitatu: chungu, mkeka na gari. Akachagua gari.

Tangu hapo amempiga marufuku mwanawe kuendesha chochote chenye injini, asije akafa kifo cha wajina wake. Kapteni sasa anakaribia arobaini na anabeba mizigo ya watu kwa baiskeli. Leseni anayo, imekaa mfukoni miaka mitatu kama picha ya harusi ya mtu mwingine. Wiki hiyo tajiri mmoja wa Ruangwa alikuwa amempa Fuso la ufuta na kumtaka atoe jibu kabla ya Ijumaa. Kapteni amemweleza mama yake maana ya neno lile mara nyingi, naye hujibu kwamba mtu anayetaka usukani atasema lolote. Bila radhi yake hapandi. "Mama akisema hapana," aliniambia, "hata breki zitanikatalia."

Jumatano, saa moja asubuhi, Nachingwea. Nilikwenda duka la kompyuta nikachapishiwa maisha ya yule rais. Kijana wa duka akanipa karatasi, nikahesabu kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Akaniapia zimetimia. Nikamwonyesha namba zilizo chini: kutoka tano umerukia saba. Akacheka, akaitoa ya sita nyuma ya mashine. Nikampigia shangazi kumwambia nakuja na karatasi kumi na mbili.

Saa mbili nilikuwa kwenye Noah ya abiria ya kwenda Ruangwa, nimepata dirisha. Nje ni mikorosho, kisha mashamba ya ufuta uliokwisha kukatwa, mafungu yamesimamishwa yakauke, yameegemeana kama watu wanaonong'ona. Nikasoma. Nilisoma utoto wake, jeshi, gitaa alilopenda kupiga, magari ya kifahari ya serikali aliyoyauza. Nilisoma kwa raha mpaka karatasi ya kumi na mbili. Pale aliuawa, hata miaka mitano ya urais hajatimiza, na waliomuua walikuwa askari wenzake. Wengine walikuwa marafiki.

Nikapiga hesabu zangu. Nilikuwa napeleka habari kwamba gari halikupinduka, bidhaa nzuri. Lakini mama aliyekataza injini miaka yote hiyo, ukimwambia kilichoua ni marafiki, atakataza na watu. Nikaikunja karatasi ya mwisho, nikaitia mfuko wa shati. Katika biashara yangu shati lenye tundu huonyeshwa upande wa mbele.

Ruangwa, saa nne kasoro. Mwenye bodaboda alinitajia nauli ya kwenda Nkowe nikamuuliza kama bei hiyo ni pamoja na pikipiki yenyewe. "Mzee, ukiichukua chukua na deni lake," akasema. Tulikutana katikati, karibu zaidi na kwake.

Nkowe nilimkuta shangazi uani anapepeta ufuta kwa ungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Au ni shati la mtumba, kubwa?"

"Ni shati."

"Basi afadhali."

Alinilisha kwanza, ugali wa muhogo na mbaazi, akakataa neno lolote mpaka ninawe. Kisha akatandika mkeka. Kapteni akaipindua ndoo akaikalia, magoti juu, kama mtu anayesubiri jina lake kliniki. Nikasoma, nikifasiri kwa Kimwera pale Kiswahili kilipokuwa kigumu, na kila karatasi niliyoimaliza nikailaza mkekani. Kwenye baiskeli shangazi alicheka. Kwenye mshahara akasema, "Huyo mkewe alimvumilia." Nikafika mwisho wangu.

"Kwa hiyo kupinduliwa, shangazi, ni kutolewa kwenye kiti cha urais kwa nguvu. Gari halimo."

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Kwenye simu ulisema kumi na mbili." Akazigusa karatasi kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho, kisha akarudi nazo mpaka mwanzo. "Hizi kumi na moja."

Hapo nikajua tabia yangu nimeirithi upande gani.

"Ile nyingine ni majina tu ya walioandika."

"Nisomee hayo majina."

Kapteni alinitazama. Nikaitoa mfukoni, imelowa jasho kidogo, nikaisoma yote. Nilipomaliza, nikailaza mkekani juu ya zile nyingine.

"Walikuwa wanamjua?" shangazi akauliza.

"Walikuwa wenzake. Wengine walikula naye sahani moja."

"Na dereva?"

"Dereva gani, shangazi?"

"Dereva wake. Kila nikiswali namwombea Kapteni yule, kisha namlaani dereva wake." Akashika kichwa. "Astaghfirullahi. Miaka yote nimemlaani mtu ambaye hakuwepo."

Sikucheka. Nilitaka, lakini sikucheka.

"Jioni ile mume wangu aliporudi," akasema, "nikamwambia, Kapteni wako amepinduliwa. Akakaa pale mlangoni akalia. Nami nikalia. Nikamwambia barabara mbaya zinamaliza watu. Akasema kweli, mke wangu, njia ya uongozi ni mbaya. Nikaona tumeelewana." Akaupangusa mkeka mahali palipokuwa safi. "Kumbe kila mtu alikuwa na msiba wake. Amekufa hajui kwamba mimi nililia ajali."

Kapteni akashuka kwenye ndoo, akakaa mkekani karibu naye. Hakuuliza habari ya Fuso. Aliyeitaja ni mama yake.

"Mwanangu, gari endesha."

"Una radhi, mama?"

"Nina radhi. Gari halina kosa. Lakini mtu utakayekula naye sahani moja, uniletee nimwone."

Alhamisi asubuhi Fuso likaja Nkowe kupakia ufuta wa kwenda Nachingwea, na mimi nikapewa kiti cha mbele. Shangazi alilizunguka gari lile, akaligonga bodi kwa vidole kama mtu anayechagua nazi. Kisha akamsimamisha utingo, mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

"Wewe mama yako nani?"

"Bi mkubwa, mimi nina wajukuu."

"Sikukuuliza umri."

Akamtaja mama yake, na mji wake, na msikiti anaoswali. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akatupa ruhusa ya kuondoka. Kapteni aliendesha kwa heshima kubwa. Baiskeli mbili zilitupita. Nilipohesabu tena, zilikuwa tatu. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia kwenye usukani, na hakuacha kutabasamu mpaka tulipoipita Ruangwa.

Nachingwea, saa saba. Nilikuwa nimekwenda kumwonyesha shangazi yangu upande wa mbele wa shati, naye ndiye aliyeligeuza. Nimejifunza kwamba mtu aliyebeba msiba usio wake miaka karibu arobaini hashindwi na karatasi moja. Nikafungua mfuko niziweke zile karatasi mahali salama. Kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Nikampigia.

"Shangazi, karatasi ya mwisho imebaki huko?"

"Ninayo. Nimekwenda nayo kaburini, nimemsomea mzee."

"Shangazi, wewe hujui kusoma."

"Na yeye hasikii," akasema. "Lakini leo tumeelewana."