Kikohozi cha Binti Yangu

Kusoma kwangu kuliishia juzuu ya amma ya Kurani, na sioni haya kusema. Biashara ya utomvu wa mpira wa msituni niliianza na panga la kuazima, nikaja kujenga nyumba ya mawe Kivinje. Basi nikazoea kujibu mimi, hata nisipoulizwa.

Wakati wa vita vya Maji Maji Wadachi walinikamata, nikabeba mizigo ya askari hadi Liwale. Niliporudi nilimkuta binti yangu wa miaka mitatu, mtoto wangu wa pekee, anakohoa. Kikohozi kikavu, homa hana. Akicheka anakohoa, akilala anakohoa. Majirani kila mmoja na lake: moshi wa jikoni, minyoo, baridi ya msituni, mama na mtoto walikojificha askari walipopita. Mimi nikasema ni kimeo, kale kanyama ka kooni. Kamerefuka, kakatwe.

Mke wangu akaomba kwanza tumwone bibi mmoja wa Singino, mganga wa watoto. Bibi akamwekea mtoto sikio mgongoni, kushoto, kisha kulia, akarudia.

"Huku pumzi inapita. Huku inapiga mluzi. Kilianzaje, ghafla ama kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo," nikajibu.

"We ulikuwepo?"

"Bibi, mtoto ni wangu."

"Haya, wako. Na mama yake bubu?"

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamkatiza: "Mama mtoto, twende. Nimekuja kutafuta dawa, si kuhojiwa kama niko bomani."

Bibi akacheka. "Nenda, bwana mkubwa. Wadachi wamekurudisha na mdomo wao."

Kesho yake akaja mkata vimeo. Kichwa cha mtoto nilikibana mwenyewe kati ya magoti yangu. Damu ilikataa kukatika. Siku ya nne tulimzika. Hadi anakata roho alikohoa vilevile.

Matanga yalipoanuliwa ndipo mke wangu aliponiambia. Nikiwa Liwale, mtoto alikuwa anakula karanga, akakimbia huku anacheka, akapaliwa, midomo ikageuka rangi. Kikohozi kilianza saa ileile. Karanga iliingia njia ya pumzi.

"Mbona hukusema kwa bibi?"

"Ulikuwa umeshajibu."

Labda bibi naye asingeweza kuitoa. Sijui. Ninalolijua ni zile siku nne: kila nilipomsogelea binti yangu, alikaza midomo, akajizuia hata kukohoa, mpaka niondoke.