Mkwe Wangu Aliandika Kila Kitu

Mimi kuongea hakunichoshagi. Ndiyo maana kikundi chetu kilipoambiwa kitoe mtu mmoja aende Musoma mjini, akasimulie habari zetu ziwekwe kwenye websaiti, akina mama wote waligeuka wakaniangalia mimi. Hakuna aliyeuliza kama najua kusoma. Nilifika darasa la pili tu, halafu ng'ombe wa baba wakakosa mchungaji.

Sisi ni wanawake wa hapa kijijini, kando ya ziwa. Tunaanikaga dagaa, na siku zetu za kupumzika tunawajengea wajane nyumba. Hatulipwi. Mjane akikosa ukuta tunakanda udongo, akikosa paa tunazunguka kutafuta bati. Na wakati huo mjane aliyekuwa anatuumiza kichwa ni jirani yangu kabisa. Mume wake alikufa, majivu ya moto wa msiba hayajapoa, shemeji zake wakapanda juu ya nyumba wakaezua bati zote. Wakasema ni mali ya ndugu yao. Yeye akabaki katikati ya kuta na watoto wake, ndani ya boma la hao hao shemeji, amejifunika turubai la dagaa. Mvua ilikuwa inakuja. Sasa kulikuwa na watu wa kanisa moja la huko mbali waliosema bati watatupa, ila kwanza wafungue websaiti yetu watujue sisi ni akina nani. Kwa hiyo mimi siku ile sikwenda kutafuta websaiti. Nilikwenda kutafuta paa la jirani yangu.

Mafunzo yalikuwa Mukendo, pale pale Musoma mjini, kwenye ukumbi wenye feni inayolia. Mwalimu alikuwa binti wa kutoka Dar, mpole, anavisaidia bure vikundi vya kujitolea. Akaja kukaa karibu na mimi.

"Bibi, websaiti ni kama nyumba," akasema. "Ukurasa wa kwanza ni sebule. Mgeni akiingia anakuta picha yenu na habari yenu."

"Na jikoni ni wapi?"

"Jikoni hatumwonyeshi mgeni, Bibi."

"Basi nimeelewa. Ni kama nyumba ya mke wa mchungaji."

Akacheka mpaka akashika meza. Nikajisikia vizuri, nikasema kumbe hili jambo nitaliweza. Halafu akasema tuwakaribishe wenzetu wa Butiama na wa Bunda, mlango ukafunguliwa, na katibu wa kikundi cha kupanda miti cha Bunda akaingia na kompyuta yake kwapani. Alikuwa mkwe wangu. Amemuoa binti yangu, wanakaa Nyasura, huko huko Bunda.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Mkwe aliponiona aligeuka palepale akatoka alikoingilia. Mimi nikajifunika khanga kichwani nikatoka mlango wa nyuma. Mwalimu akabaki amesimama katikati.

Akanifuata nje. "Bibi, mmegombana?"

"Hapana. Tunapendana sana, ndiyo maana nakimbia."

Nikamweleza. Akasikiliza kwa heshima, lakini nadhani hakuelewa vizuri, maana baadaye kila kikundi kilipotakiwa kuandika habari yake, na mimi siwezi kuandika, akasema mwenye kasi kuliko wote ni katibu wa Bunda, basi yeye ndiye amwandikie Bibi. Watu wote wa Mara mle ndani wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa Butiama akasema, "Mwalimu, hapo bora ungemwambia amwandikie mbuzi wangu."

Mwisho tukapata njia. Mkwe akakaa ndani, karibu na dirisha. Mimi nikakaa nje barazani, mgongo umeegemea ukuta, naangalia barabara. Mwalimu akasimama dirishani. Mimi niseme na mwalimu, mkwe asikie tu kwa bahati, aandike. Hivyo hakuna aliyesema na mwenzake.

"Mwambie huyo mtu aandike kwamba tulianza tukiwa hatuna hata jembe," nikasema.

Vidole vikaanza kugonga huko ndani, tatatata, kama mvua ya mwanzo. Nikapata raha ambayo sijui niieleze vipi. Maisha yangu yote nimesimulia watu wakiinuka, wakienda kuangalia chungu jikoni, wakisinzia. Huyu alikuwa hainuki. Mwalimu akaitwa kwa watu wa Butiama, kompyuta yao imeganda, akaondoka. Mimi nikaendelea kuuambia ukuta. Nikasimulia udongo, nikasimulia yule mama aliyetuletea uji wa ulezi na sisi ndio tumekuja kumsaidia. Nikafika kwa jirani yangu.

"Hilo la shemeji zake asiandike," nikauambia ukuta. "Ila ndio walioezua. Yule mkubwa alishika hata misumari akaiweka mfukoni. Hilo asiandike."

Tatatata. Hakusimama. Mimi nikajua anaandika yale mengine.

Siku chache baadaye mwenyekiti wetu akatuita baada ya ibada. Ana simu kubwa. Akasimama mbele ya mabenchi akaanza kutusomea websaiti yetu, na akina mama wakacheka tangu mstari wa kwanza, maana ilikuwa sauti yangu tupu. Ilisema, "Mwambie huyo mtu aandike kwamba tulianza tukiwa hatuna hata jembe." Ilisema, "Subiri nipige chafya." Hata mimi nilicheka, nikapiga mapaja.

Mwenyekiti akaendelea, amenogewa, macho yake hayakutangulia mbele kuona kinachokuja. "Hilo la shemeji zake asiandike. Ila ndio walioezua. Yule mkubwa alishika hata misumari..."

Akashusha simu. Jirani yangu alikuwa amekaa benchi la pili. Mke wa yule shemeji mkubwa alikuwa amekaa nyuma yake. Huyo mke akainuka, akakunja mkeka wake taratibu, akaenda zake. Jirani yangu akabaki anaangalia mikono yake.

"Mama," akaniambia, "mimi nalala pale kwao."

Mwenyekiti akampigia mwalimu. Mwalimu alisharudi Dar. Akasema pole sana, aliona maandishi marefu akaridhika, na sasa mwenye kuifungua websaiti yetu ni katibu wa Bunda, paswedi anayo yeye. Mwenyekiti akampigia mkwe wangu, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Mimi nikasogea mbali kwa heshima, lakini masikio sikuyafunga.

"Mama anasema ufute yale mabaya," mwenyekiti akasema.

"Mabaya ni yapi?"

"Si unayajua."

"Mimi siwezi kusema maneno ya mama mkwe ni mabaya," akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetokwa jasho. "Alisema mimi nikaandika. Nikipunguza neno ambalo siyo, nimemkata mama ulimi. Yeye aniambie toka wapi mpaka wapi."

Na mimi toka wapi mpaka wapi naijulia wapi? Sisomi. Kumwambia siwezi. Nikapanda gari ya Bunda.

Pale Nyasura mkwe aliponiona naingia uani, akatokea mlango wa nyuma akasimama kwenye mihogo. Binti yangu akamfuata, akamchukua akamkalisha sebuleni, mimi akanikalisha jikoni, ukuta katikati. Binti akawa anasoma kwa sauti, mimi nasikiliza maneno yangu yote tena, na mengi yalikuwa matamu, mengine nilikuwa nimeyasahau. Tulipofika kwa jirani nikasema, "Hapo toa." Umeme ukakatika, na kompyuta yake betri ilishakufa, ikazima. Tukakaa gizani, watu watatu, hakuna wa kumlaumu. Binti yangu akasema, "Mama, na wewe kwa nini kila kitu unasemaga?"

"Nilisema asiandike."

"Na hilo nalo ameliandika."

Upande wa pili wa ukuta mkwe akakohoa.

Umeme ukarudi asubuhi, akafuta. Binti akanisomea tena, sasa ilikuwa inaenda vizuri, safi kama barua ya ofisini. Nikarudi nyumbani nimeshukuru.

Nikakuta ile nyumba ya jirani haina hata turubai. Shemeji zake walikwenda usiku ule ule nikiwa Bunda, hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwambia tu kwamba mtu anayewaweka kwenye mtandao hawezi kuishi kwao. Akafunga vitu vyake akaenda kwa kaka yake Butiama.

Mvua ikaanza. Halafu bati zikaja, kwenye lori, mpya, zinang'aa. Wale watu wa kanisa walikuwa wamesoma websaiti kabla mkwe hajafuta. Walisema wanazitoa kwa ajili ya yule mama aliyeezuliwa na shemeji zake, siyo mwingine, na wanaomba picha yake amesimama mlangoni chini ya paa lake, iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza.

Nimempigia simu. Anasema, "Nashukuru, mama. Sirudi." Nikamwambia basi tujenge huko Butiama, akasema kaka yake hana kiwanja, naye amebanwa. Tukisema tumpe mjane mwingine, mwenyekiti anasema tutakuwa tumewadanganya wenye bati. Shemeji zake wanasema bati zilitolewa kwa nyumba ile, na nyumba ile ni ya ndugu yao. Kila mtu anakuja kwangu, maana bati zimeegemezwa kwangu, na mimi ndiye niliyesema.

Jana yule shemeji mkubwa alipita. Akasimama karibu na bati, akagonga moja kwa kidole, ikalia. Akaniuliza, bila hasira, kama zimekuja na misumari yake.

Nikamwambia misumari haijaja. Akasema sawa, akasimama kidogo tena kama anayesubiri nimuongezee neno. Mimi nikainuka, nikaenda kuangalia chungu jikoni.