Kesi ya Pampu Yetu

Wachimbaji wenzangu wa dhahabu wa Rwamgasa waliniamini kwa sababu nilijua Kiingereza kidogo, nami nikajiona wakili. Tuliponunua pampu ya kutolea maji shimoni kwa wakala mmoja wa Shinyanga, mkataba wa Kiingereza niliusaini mimi. Pampu ikafa upesi, shimo likajaa maji, nikaapa kumshtaki.

Siku ya kesi wenzangu walijaa mahakamani nyuma yangu. Hakimu akaugeuza mkataba.

"Huku nyuma ulisoma?"

"Nilisoma, mheshimiwa," nikadanganya.

"Basi watafsirie wenzako."

Nikatafsiri: mgogoro wowote utasikilizwa na mahakama ya Bombay, India, peke yake.

Baba Masanja, aliyeuza ng'ombe wake tupate pampu ile, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo, mwanangu, tunasafiri lini?"