Mteja wa Saza aliyetaka shafti "ngumu kuliko zote"

Habari za muda huu wakuu.

Hiki ninachoandika kimetokea mbele ya macho yangu. Jina la mteja tu ndilo nimebadilisha, maana bado ni mteja na nampenda.

Nina karakana ndogo hapa Tunduma. Nina lathe, ile mashine ya kukerezea vyuma, na tanuru la umeme ambalo binamu yangu wa Nakonde alilipata kwa watu waliokuwa wanafunga karakana yao huko Zambia.

Asubuhi moja akaja Mama Atu kutoka Saza. Ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Aliongozana na mdogo wake, Ezekia, ambaye ndiye anayelisimamia hilo karasha kutwa nzima. Wamebeba shafti ya karasha, ule mhimili wa chuma unaozunguka, imekatika vipande viwili.

Historia ya ile shafti ni hivi. Kabla yake kulikuwa na nyingine, laini, ikapinda. Mama akatafuta fundi akamwambia safari hii anataka ngumu. Fundi akachonga hii, akaichoma ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akamkabidhi.

Na kweli ilikuwa ngumu. Haikupinda hata kidogo.

Ilikatika tu, kipande kikaruka na kutoboa bati juu ya benchi ambalo Ezekia alikuwa ametoka kunywea uji.

Sasa mama kanijia na ombi lake: "Mwanangu, nitengenezee ngumu kuliko hii."

Nikamweleza taratibu kwamba ugumu ndio uliomvunjia. Chuma cha alloy, kile kilichochanganywa na madini mengine, ukikichoma na kukizamisha kwenye oil kinakuwa kigumu kama kioo, na kioo tunajua tabia yake. Ndiyo maana unakirudisha kwenye tanuru kwa moto mdogo zaidi, unapunguza ugumu kidogo ili kiweze kuvumilia kugongwa. Target yangu kwa shafti ya namna ile ni kama 30 kwenye kipimo cha ugumu. Kikitoka kwenye oil kinasoma 50 na zaidi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama akasikia hamsini na thelathini, akanitazama kama mtu anayetaka kumpunja.

Ezekia naye akamuunga mkono dada yake. Wakuu, kile kipande kilikuwa kinamtafuta yeye, lakini alitaka kirudi kikiwa na nguvu zaidi.

Nikaona maneno hayasaidii. Nikakata vipande viwili vya nondo ileile ya alloy niliyokusudia kutengenezea shafti yake. Vyote nikavichoma na kuvizamisha kwenye oil. Kimoja nikakiacha hivyohivyo, kingine nikakirudisha tanuruni. Wakaenda mjini kula, jioni wakarudi.

Nikakifunga kile kigumu kwenye jiriwa, nikawasogeza nyuma, nikakipiga nyundo.

Kikakatika pah, kikagonga ukuta. Ezekia nikamkuta nyuma ya mtungi wa gesi, mahali pabaya kuliko pote pa kujificha kwenye karakana.

Cha pili nikakipiga mara nyingi hadi mkono ukauma. Kikainama kidogo, basi.

Mama Atu akaokota kile kilichovunjika, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Nikaona machozi yanamlengalenga. Nadhani siku hiyo ndipo alipoelewa vizuri lile bati lilitobolewa na nini.

Akasema kwa sauti ya chini: "Nifanyie kama hiki cha pili. Ila usimwambie mtu kwamba umeilainisha. Saza wakisikia shafti yangu ni laini, mawe yao watayapeleka kwa jirani."

Nikaifanya. Kipimo kikasoma 31. Shafti inazunguka hadi leo.

Juzi nilienda Saza kwa shughuli nyingine, nikapita kumsalimia. Nikamkuta anawaeleza watu kwamba hakuna shafti ngumu kama yake mkoa mzima wa Songwe. Aliponiona hakupepesa macho. Akanitambulisha: "Fundi mwenyewe huyu hapa."

Tangu hapo wateja wananijia kutoka Vwawa hadi Mbebe, kila mmoja anataka "ngumu kama ya Mama Atu." Nawajibu ndiyo mzee, ndiyo mama, itakuwa ngumu sana. Halafu nairudisha tanuruni.

Nilichojifunza: mteja analipia ugumu, lakini anayesimama karibu na mashine anaishi kwa ulaini.

Mafundi wenzangu, nyie huwa mnawaambia ukweli wateja, au na nyie mnawaitikia tu? Leteni visa vyenu, nasoma comments zote.