Karatasi Iliyolala Drooni Sabato Nzima

Ukitaka kucheka, cheka sasa hapa mwanzoni, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika saiba yangu, kiduka cha intaneti hapa Nyacheki, na akili zangu zilikuwa timamu.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu saa saba, ile mvua yetu isiyojua kuchoka, na matope yalikuwa yamefika mlangoni. Mimi ni Msabato, kwa hiyo Ijumaa hufunga duka mapema, maana Sabato yetu huingia jua likizama. Nilikuwa nimebakiza kompyuta moja tu ikiwaka. Akaingia dada mmoja, gauni la kijani, kitambaa cheusi kichwani, akaketi bila kuambiwa.

"Nifungulie ukurasa," akasema, akanitajia anwani yake herufi kwa herufi. Aliongea kama mtu wa hapa hapa kwetu.

Ukurasa ukaja wote kwa Kiarabu. Hilo si neno. Siku hizi kivinjari chenyewe huuliza kama unataka kikutafsirie, na mimi huwatafsiria watu kurasa za kazi za Uarabuni, za dawa, hata za magari ya Japani. Nikabonyeza, yale maandishi yakageuka Kiswahili, kile Kiswahili cha mashine kinachochechemea, lakini nikaelewa: mwili wa mwanamke wa Kenya, jina lake Kerubo, uko hospitali huko Uarabuni, hauna wa kuudai. Ndugu wapige simu kabla ya Jumatatu adhuhuri. Baada ya hapo atazikwa huko huko.

"Pole sana. Ni ndugu yako?"

"Niprintie. Umpelekee mama yake kule Itumbe, nyuma ya kiwanda cha chai, boma iko na geti ya bluu. Asizikwe kwa mchanga."

"Na wewe?"

"Mimi siwezi fika."

Nikageuka kuchukua karatasi kwenye printa. Kurudisha uso, kiti kitupu. Sasa nikuulize: mtu anaingiaje na kutoka katika matope yale bila kuacha hata alama ya kiatu? Sakafu ilikuwa safi. Kitini palikuwa na mchanga laini mweupe, na Nyacheki nzima hakuna mchanga kama huo. Niliogopa, niamini. Lakini Sabato ilikuwa inaingia, nikajiambia huyu ni Shetani anataka kuninajisia siku, au ni wale mawakala matapeli wa kazi za Uarabuni. Nikatupa karatasi kwenye droo nikafunga.

Kesho yake kanisani, wakati wa maombi, mama mmoja mgeni akasimama. Akasema ametoka Itumbe, akatusihi tumwombee binti yake wa pekee aliye Uarabuni, wiki tatu hajapiga simu. Tukaomba. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nilijua? Nusu ya moyo ilijua. Nusu nyingine ilisema mabinti walioko Uarabuni ni wengi, na habari ya namna hiyo haimwagwi mbele ya watu, tena siku ya Bwana.

Jumapili nikachuma chai yangu. Jumatatu wateja walinishika, nikafika Itumbe saa nane.

Geti la bluu lilifunguliwa na mama yule yule. Ndani, ukutani, kulikuwa na picha: gauni la kijani, kitambaa cheusi. Nikauliza kama huyo ana dada. "Sina mwingine," akasema. Nikampa karatasi, nikafungua ukurasa ule kwenye simu yangu, nikabonyeza kutafsiri huku akichungulia begani kwangu. Kulikuwa kumebaki neno moja: Amezikwa.

"Hii karatasi umekuwa nayo tangu lini?"

"Ijumaa, mama."

"Na Sabato ulinisikia nikiomba."

Nikazima simu nikaitia mfukoni.

"Si ungenipea tu hapo kanisani," akasema, wala hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

Kwetu mtu huzikwa kwao. Mwili haukuwepo, lakini mama alikataa kukaa bila kaburi. Walichimba kando ya migomba, wakazika karatasi yangu. Nilisimama pale na koleo mkononi, nikaona aibu ambayo haijanitoka.

Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri, nikifungua ukurasa wowote, hata wa bei ya majani chai, kivinjari huniuliza: Ukurasa huu ni wa Kiarabu, utafsiriwe? Nimebadilisha kompyuta mara mbili. Fundi haoni kitu. Siku moja nilijikaza nikabonyeza, na ukurasa mzima ukageuka swali moja: Ulimpelekea?

Wewe unayenisoma, ukikabidhiwa habari ya mtu, ipeleke siku hiyo hiyo. Usimsingizie Mungu. Sabato haikunikataza kutembea hadi Itumbe, ni mimi niliyejikataza.

Kumpelekea, nilimpelekea. Ila kwenye ukurasa ule nimetafuta juu hadi chini, na hakuna mahali pa kuandika jibu.