Mgono Katika Mdomo wa Mashine

Baba yangu alikuwa mfua majembe, mzaliwa wa milima ya Mugamba, kule ambako baridi ya asubuhi huuma vidole. Mama yangu alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, akaolewa juu mlimani, na baridi ile hakuizoea mpaka alipokufa. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, hayahitaji karatasi. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Kwa hiyo andika ninavyosema, usipambe, na pale nitakapojilaumu usinitetee.

Nataka ziandikwe habari za mwanamke mmoja na mashine ya jetoni.

Wakati maji ya bomba yalipokuwa yakikatika Nyakabiga wiki nzima, mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique alichimba kisima katika kiwanja chake hapa Nyakabiga, akajenga tangi, akafunga ukutani sanduku la chuma. Ulitia noti juu, sanduku likanguruma kidogo, na mdomo wake wa chini ukatema jetoni, vipande vya chuma vyenye tundu katikati. Jetoni moja ukiitumbukiza kwenye bomba, bomba lilijaza bidoni moja, yaani dumu la maji, kisha likajifunga lenyewe. Mimi nilikuwa zamu, kama tunavyomwita mlinzi hapa Bujumbura. Nilikaa langoni tangu asubuhi hadi jioni. Aliyeitunza mashine alikuwa mjane aliyevuka mpaka kutoka upande wa Uvira, Kongo, na watoto wake wawili. Kila asubuhi alizitoa jetoni kwenye bomba, akalifungua sanduku kwa ufunguo, akazirudisha. Kwa kazi hiyo alipata mshahara, na chumba kimoja nyuma ya tangi.

Kisha wizi ukaanza. Tangi lilikauka mapema, na noti za sandukuni hazikulingana na maji yaliyotoka. Tukasikia kwamba kuna mtu anayeuza jetoni nyuma ya kanisa kwa nusu ya bei.

Mwenye kisima aliniuliza nina maoni gani. Nilimjibu bila kusita, kwa kuwa nilijiona mtu mwenye akili: sanduku lina kufuli, kufuli halikuvunjwa, basi mwenye ufunguo ndiye wa kuulizwa. Niliyasema hayo mjane akiwa hatua tatu kutoka kwetu, anakamua tambara.

"Nakupa mpaka Jumamosi," mwenye kisima akamwambia. "Ikifika mambo bado ni haya, utaniachia ufunguo na chumba."

Hakulia, wala hakuapa. Mwenye kisima alipoondoka, alijipangusa mikono, akafungua fundo la kitenge chake, akautoa ufunguo na kuniletea mimi.

"Papa, shika we."

"Mimi? Kwa nini?"

"Kila asubuhi utafungua we mwenyewe, mi naweka jetoni, we unafunga. Kama wizi inaisha, basi mwizi ni mi. Kama haiishi, tutakuwa wawili wa kuulizwa."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walicheka mpaka mmoja akaiangusha bidoni yake. "Muzee," akasema, "umepewa ufunguo ya nyumba na mahari haujatoa."

Niliutia ufunguo kwenye kamba, nikauvaa shingoni pamoja na rozari yangu. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku tatu nilikaa nikilitazama kufuli lile kama paka anavyolitazama tundu la panya. Siku tatu tangi likakauka kabla ya wakati wake, na ufunguo ulikuwa juu ya kifua changu, una joto la mwili wangu.

Andika na hili: Jumatano jioni shetani alinishauri nikae kimya. Mwenye kisima hakujua kwamba ufunguo ninao mimi. Ningeurudisha kwenye fundo la kitenge, Jumamosi ingefika, na mjane angeondoka na watoto wake. Badala yake nilimwendea mjane.

"Ufunguo haukutoka shingoni mwangu," nikasema.

"Najua, Papa."

"Wizi haukukoma."

"Na hiyo najua. Sasa tukiwa wawili, tunaweza kutafuta."

Alichuchumaa mbele ya sanduku, akaniomba nimulike kwa simu, akaingiza kidole katika mdomo ule unaotema jetoni. Rangi ya ndani ilikuwa imekwanguka kwa mstari mmoja, mwembamba, unaong'aa. Aliupapasa mara mbili.

"Fisi maji," akasema.

Nikadhani hofu imemvuruga akili. Lakini alinieleza, na maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya watu wengi wenye vyeti niliowahi kuwasikia. Baba yake alikuwa mtega samaki kwenye matete ya mto Rusizi. Alitumia mgono, kikapu kirefu ambacho mdomoni mwake vijiti vimefumwa vikielekea ndani, ncha zikikaribiana. Samaki akiingia, ncha humpisha; akitaka kurudi, ncha humkabili. Mgono ukizeeka, vijiti hulegea, na fisi maji, yule mnyama wa mtoni mla samaki, hupitisha mkono mdomoni akaiba. Hakuna kinachovunjika. Dalili yake ni mstari uliosuguka ukingoni, basi. Mwizi wetu alikuwa akiingiza utepe wa chuma katika mdomo wa mashine, akiubonyeza ulimi mdogo unaozuia jetoni huko ndani, na jetoni zikimmwagikia mkononi bila noti. Kwa watu wa foleni alionekana kama mnunuzi mwingine yeyote aliyeinama kuchukua haki yake. Mimi nililinda mlango, naye alipitia mdomoni.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda naye kwa fundi wa kuchomelea, jirani yetu. Mjane alimwambia anataka mgono wa chuma, uliogeuzwa, ncha zikielekea nje: jetoni zitoke, utepe usiingie.

"Mama," fundi akacheka, "hapa ziwa iko wapi? Unataka nikuvulie ndagala mu sanduku?"

Hakubishana. Alitoa mfukoni mgono mdogo wa matete aliousuka usiku uliopita, mrefu kama kiganja, akamwambia atie kidole. Fundi akatia. "Sasa toa." Fundi akavuta, ncha zikamkamata, akavuta tena, akashika ukuta kwa mkono wa pili. Wanafunzi wawili wa chuo cha Mutanga waliokuwa wameleta kitanda chao cha chuma walimshauri akikate kidole. Mjane aliziachanisha ncha kwa kucha zake, taratibu, akamfungua. Fundi alikinyonya kidole chake kwa muda, kisha akauliza anataka chuma cha namna gani.

Chuma nacho alikuwa amekifikiria. Marobota ya vitambaa yanayofika Asiatique hufungwa kwa tepe za chuma, nyembamba, ambazo ukizikunja hurudi zenyewe. Mwenye kisima alikuwa nazo rundo nyuma ya duka. Nilikwenda kumwomba, na hapo hapo nikamweleza habari ya ufunguo. Alinipa zile tepe.

Mgono aliotutengenezea fundi haukufaa mwanzoni. Tepe zilikuwa na nguvu mno, jetoni zikakwama. Ijumaa asubuhi foleni ilifika barabarani, na kina mama walitutukana sote, mpaka baba yangu mfua majembe akatajwa bila kosa. Mjane aliung'oa mgono, akaketi juu ya bidoni iliyopinduliwa, akaanza kuzisugua ncha kwa tupa, moja baada ya nyingine. Alisugua, akadondosha jetoni, akasikiliza, akasugua tena. Chakula cha mchana hakula. Nimewaona wafanyakazi wengi, na nimezaliwa katika nyumba ya nyundo. Uvumilivu kama ule niliuona kwa baba yangu tu. Jua lilipoanza kuinama, jetoni zilipita kama maharage katika vidole vya mpishi, na waya niliojaribu kuupenyeza kama mwizi ulikataliwa kila upande.

Jumamosi, kabla mwenye kisima hajafika, foleni ilisimama ghafla. Mwanamume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi alikuwa ameinama mbele ya sanduku kwa muda usio wa kawaida. Nilipomsogelea alijinyoosha, akanisalimu kwa heshima zote, akaenda zake kwa mwendo mrefu. Mdomoni mwa mashine mlikuwa mnaning'inia utepe wa chuma, kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa. Ulikuwa umeteleza pembeni mwa mgono na kunasa kwa kulabu iliyokuwa nchani mwake. Sikumkimbiza, magoti yangu hayakuruhusu.

Niliuacha utepe ukining'inia hadi mwenye kisima aliposimama mbele yake. Ndipo nikasema, mbele ya foleni nzima, kwa kuwa kosa langu nililitenda hadharani: "Nilimsingizia mama huyu. Alikuwa mwaminifu kuliko nilivyokuwa mwerevu." Mwenye kisima alimwambia abaki na chumba chake, na watoto wake, na kazi yake.

Mjane alinyoosha mkono kwangu. "Rudisha ufunguo basi, Papa. Shingo yako imeanza kuinama."

Mashine ile ingali ukutani, na mgono ungali mdomoni mwake. Ukipita pale, mwamkie mjane kwa adabu.

Sasa sikiliza ya kutunza. Ule mgono mdogo wa matete alinipa mimi. Umo ndani ya sanduku langu la mbao, umefungwa pamoja na utepe wa mwizi. Usiutie vitunguu, wala usiwape watoto wauchezee. Ncha zake zikinyooka, si mgono tena. Utunze na ukurasa huu, na ile sehemu ya Jumatano jioni ambayo nimeona kalamu yako ikisitasita, iache ilivyo. Mjane au watoto wake wakija kuuomba mgono, wape. Mwingine yeyote, mwambie apana.