Marehemu Tonton Alimasi

Juzi redio ilipiga wimbo wa mwanamuziki aliyekufa kijana. Mtangazaji aliposema "marehemu", nilicheka mpaka mama akauliza, "Uko na malaria?"

Nilipokuwa mdogo, redio yetu hapa mjini Baraka iliwaita hivyo waimbaji wote niliowapenda: marehemu huyu, marehemu yule. Nikaelewa kwamba ni cheo, kama Docteur, na kwamba hupewa wale wanaojua gitaa kweli.

Basi alasiri moja wageni walikuja kutoka Kazimia kumposa dada yangu. Uwanja ulinukia mikeke, samaki wa ziwani, ya kukaanga. Tonton Alimasi, mdogo wake mama, alishika gitaa huku akitetemeka, maana hakuwahi kupiga mbele ya watu. Aliapa kwamba wakimdharau siku hiyo, hataligusa tena. Mimi ndiye niliyeombwa kumtangaza, nami nikampa cheo kikubwa kuliko vyote.

"Bapapa na bamama, sasa mutamusikia marehemu Tonton Alimasi!"

Watu wote walimgeukia Tonton, isipokuwa kuku. Bibi mmoja wa Kazimia akashika kifua. "Yesu wangu! Kumbe iko anasimama?"

"Ndiyo," nikamjibu kwa fahari, "na atapiga sasa hivi!"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Tonton alicheka kuliko wote, mpaka mikono ikasahau kutetemeka. Akapiga, na yule bibi akacheza hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Leo hakuna harusi hapa bila yeye, na watu humwita Marehemu tu. Wale wa redio waliondoka mapema mno. Huyu wetu, ukimwita, anaitika.